Nyama ya Harusi ya Delcita

Hezron Crawford alikuja Boston, huku kwetu pwani ya Jamaika, mwaka 1960 akiwa na panga na fulana mbili. Mimi nilikuwa nachoma shelisheli na viazi vikuu kando ya bati la Bwana Pottinger, yaani kibanda chake cha nyama ya kuchoma, naye Pottinger akampa Hezron upande wa nguruwe. Kati yetu palikuwa na hatua nne na moshi mwingi. Tukakaa hivyo miaka ishirini. Kwa miaka kumi na saba ya mwanzo hakuniambia jambo lolote linalomhusu yeye mwenyewe, na mimi si mtu wa kuuliza. Machache niliyojua niliyasikia kwa watu. Yaliyobaki alinieleza yeye, siku moja tu, mchana, tukisubiri mvua ipite, na tangu siku hiyo ninayo.

Alikuwa mtu wa Millbank, juu kabisa kwenye bonde la Rio Grande, kwa Wamaroon. Sisi wa pwani hata nyama ya jerk, ile ya viungo na moshi wa polepole, tulijifunza kwao. Babu zao walipotoroka mashamba ya miwa na kuingia mwituni waliishi kwa nguruwe pori, na moto wao ulikuwa wa chini, wa kufunikwa, ili askari wa Mwingereza asione moshi. Ndivyo wazee wetu walivyotusimulia. Wakati Hezron anashuka, sisi Boston tulikuwa tunachoma nguruwe wa kufugwa, tunamimina viungo, na tunajiona mabingwa.

Siku ya kwanza Pottinger alimwonyesha beseni lake: vitunguu vya majani, tangawizi, kungumanga, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, sukari guru na pimento ya kusaga, zile punje zenye harufu ya karafuu. Hezron akachovya kidole, akalamba, akasema bila kumtazama mtu, "Hii ungeoka keki." Wanaume waliokuwepo walicheka mpaka Pottinger mwenyewe akacheka. Kwao, Hezron akaeleza, ni chumvi, pilipili kichaa na pimento iliyopondwa juu ya jiwe. Ladha nyingine yote inatoka kwenye kuni. Hata hivyo hakubishana. Alijifunza beseni la Pottinger, akapunguza sukari, akaongeza chumvi, na ndani ya mwaka mmoja watu walikuwa wanatoka Kingston kwa ajili ya mkono wake.

Alikata vijiti vibichi vya mpimento akatengeneza kichanja, chini yake makaa ya mpimento uleule, nyama juu, kisha majani, kisha bati. Moshi ulikuwa kama mtu ameunguza karafuu, mdalasini na kungumanga kwenye sufuria moja. Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nyama inayotoa maji aliiita nyama inayolia, na nyama inayolia hakuiondoa motoni hata kwa waziri. Mteja akimharakisha alimjibu kwa upole kwamba dukani kuna mkate na samaki wa kopo. Kijana mmoja wa mjini aliwahi kumlalamikia kwamba pilipili yake inaua. "Haiui," Hezron alimwambia. "Inakukumbusha tu uliyoyafanya." Tulidhani ni utani.

Yeye mwenyewe nyama ya nguruwe hakula. Alikula shelisheli langu na samaki wa chumvi, na nilipomtania kwamba mpishi asiyeonja chakula chake amekitilia sumu, alinitazama kwa namna ambayo sikurudia utani huo.

Sasa nieleze yaliyompata.

Huko Millbank alikuwa na dada mmoja tu, Ivorine, mdogo wake. Mume wa Ivorine alikuwa Uriel Sterling, na Uriel ndiye aliyekuwa mwenzake wa mwituni. Kwa miaka kumi na tano waliwinda pamoja, mbwa wawili, mikuki miwili, na bunduki iliyolia siku ilipojisikia. Walikuwa hawafanani hata kidogo. Hezron mwembamba, mkimya. Uriel mtu wa mapaja na tumbo, mwenye kicheko cha kufukuza ndege. Hezron aliniambia kwamba mwituni Uriel ndiye aliyekuwa akisema na yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza, na kwamba mpango huo uliwafaa wote wawili.

Mwaka 1958, mwezi wa Februari, binti wa Uriel, Delcita, alikuwa anaolewa siku ya Jumamosi. Uriel alikitangazia kijiji kizima kwamba binti yake haolewi kwa nguruwe aliyelelewa na maganda ya ndizi. Ni nguruwe pori, na ni Hezron atakayemkausha. Wakapanda mlimani Jumatano ya wiki iliyotangulia, wakiwa na siku nyingi mbele yao.

Siku zikapita bure. Alhamisi hakuna kitu, Ijumaa nyayo za zamani, Jumapili mvua. Jumatatu asubuhi mbwa walilibana dume kubwa kwenye korongo. Hezron alipiga mkuki wa kwanza na haukuingia vizuri. Dume liligeuka, likampita mbwa, likamkuta Uriel amesimama kwenye mawe yenye utelezi. Jino lake refu lilimchana paja kutoka karibu na goti kwenda juu. Hezron akalimaliza kwa mkuki wa pili, kisha akamrudia shemeji yake. Damu ilikuwa nyingi lakini haikuwa ya kuruka. Alitafuna majani ya dawa, akayashindilia kwenye kidonda, akafunga kwa shati lake.

Mchana huohuo alimchuna yule nguruwe, akatoa mifupa, akachanja nyama, akaisugua chumvi, pilipili na pimento waliyotoka nayo nyumbani, akaitandaza kwenye kichanja. Nguruwe yule alikuwa mkubwa kuliko wote aliowahi kuua. Kwa ukubwa ule na kwa unyevu wa msitu ule, nyama ilihitaji siku mbili na zaidi juu ya moto wa polepole. Ukiitoa nusu inaoza kabla hujafika bondeni.

Jumanne Uriel alikuwa mzima wa maneno. Alilala ubavuni mwa moto akifukuza nzi kwa tawi na kumchokoza mwenzake. "Shem, yule mnyama alikuwa na akili," alisema. "Ameona hapa kuna paja la kuliwa. Wewe angekung'ata angevunja meno." Hezron alicheka. Aliniambia ndicho kicheko chake cha mwisho anachokikumbuka, na alinieleza bila kujihurumia, kama mtu anayetaja tarehe.

Jumatano alfajiri mguu ulikuwa umevimba na umebadilika rangi, na ulikuwa unanuka. Uriel alikuwa na homa. Alijaribu kusimama kwa kushika fimbo, akasimama, akapiga hatua kumi kwenda na kurudi. Bado angeweza kutembea.

"Shem, nadhani tushuke leo," alisema.

Hezron alikwenda akainua majani, akabonyeza nyama kwa kidole. "Bado inalia. Kesho asubuhi."

"Iache basi."

"Niiache, Jumamosi watu wale nini? Si wewe uliyeapa mbele ya kijiji?"

Uriel alitabasamu kidogo. "Kweli niliapa," akasema, akalala tena.

Mbingu ilikuwa nyeupe siku ile, hakuna tone la mvua. Mto ungevukwa kwa kukunja suruali. Hezron alibadilisha majani ya kidonda mara mbili, akageuza nyama, akaongeza makaa, akageuza tena. Alikuwa na hofu, aliniambia, lakini mikono yake ilijua kazi ya moto na haikujua kazi ya mguu ule, kwa hiyo alishika aliyoijua.

Alhamisi nyama ilikuwa tayari. Aliifunga kwenye majani mapana ya msituni, akaikaza kwa kamba za mimea itambaayo, akajitwika. Uriel alitangulia kwa fimbo. Kabla ya mteremko wa kwanza kwisha aliketi chini na hakuweza kuinuka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Hezron hakumwambia mtu kwa miaka kumi na tisa. Alitua mzigo wa nyama, akambeba Uriel mgongoni, akashuka naye mpaka mahali palipo wazi, akamlaza, akamwacha na mbwa. Kisha akapanda tena kuufuata mzigo. Akaushusha mpaka alipo Uriel, akautua, akambeba Uriel tena. Hivyo hivyo mteremko mzima, safari mara tatu badala ya moja. Hakuwahi kukaa akaamua kufanya hivyo. Alitua mzigo mara ya kwanza akisema ataurudia mara moja tu, halafu ikawa mara ya pili.

Kila aliporudi Uriel aliuliza, "Umerudi?"

"Nimerudi," alijibu.

Mchana mvua ilianza juu vileleni. Walipofika ukingoni, kama saa tisa, Rio Grande ulikuwa umeshafurika, wa rangi ya udongo, unagonganisha mawe chini kwa chini kiasi kwamba walisikiana kwa kuinamiana tu. Watu wawili wa ng'ambo waliwaona, wakapunga mikono, wakaenda kuita wenzao, lakini hakuna mtu ambaye angeingia kwenye maji yale. Hezron alimfunika Uriel kwa majani na kumweka kichwa kwenye mapaja yake. Uriel alisema anataka kwenda nyumbani. Alisema hivyo mara kadhaa, bila kulalamika, kama mtu aliyechoka harusini. Alikufa kabla maji hayajapungua. Mzigo wa nyama ulikuwa pembeni, mkavu, kwa sababu ule nao alikuwa ameufunika.

Wanaume walipovuka jioni wakamuuliza ilikuwaje. Hezron alisema walikuwa tayari wanashuka na nyama yao, jana jioni, nguruwe mwingine akatokea kichakani akampiga Uriel, na leo walipofika ukingoni mto ukawazuia. Aliniapia kwamba hakuwa ameyatunga njiani. Kinywa kilifunguka na hayo ndiyo yaliyotoka, na yalipokwisha kutoka watu wote walikuwa wakitikisa vichwa na kumpa pole.

Jumamosi walimzika Uriel. Wageni waliokuwa waje harusini walikuja mazikoni, wakiwa na viatu vyao vya harusi. Wapishi walikuwa walewale, ndizi mbichi zilezile, mkate wa muhogo uleule. Keki ilifungiwa chumbani. Na nyama ikaliwa, maana isingetupwa, na maana watu walikuwa wametembea kutoka mbali.

Kukatakata nyama ilikuwa kazi ya Hezron. Alisimama na panga nyuma ya ubao, na watu wakawa wanapita na sahani zao. Ilikuwa nyama nzuri kuliko zote alizowahi kukausha. Wekundu wake ulikuwa sawa mpaka ndani, chumvi imekaa, moshi umekaa. Watu walikula kwa aibu mwanzoni, kisha bila aibu. Mzee mmoja aliyewinda na baba yake Hezron alirudi mara ya pili, akamshika bega, akamwambia tangu vita vya kwanza vya dunia hajaonja kitu kama kile, na kwamba Uriel angefurahi. Wengine wakasema ndiyo, Uriel angefurahi sana. Hezron akawa anaitikia, na anakata.

Ivorine alikuwa ndani na akina mama. Walimpelekea sahani. Hezron alimwona kupitia mlangoni. Alikula nyama yote, kipande baada ya kipande, akitazama mbele, na watu wakasema mjane ana nguvu.

Delcita aliolewa baada ya miezi saba, bila sherehe, akaenda na mumewe Birmingham, Uingereza. Hezron alimpa jirani mbwa wake, akakaa mwaka mmoja na nusu bila kupanda mlimani, kisha akashuka kwetu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alipanda Millbank kumwona dada yake. Alimpelekea unga, mafuta ya taa, misumari. Aliezua na kuezeka jiko lake. Walizungumza juu ya mihogo na nani amezaa. Kila safari alikusudia kusema, na kila safari alishuka hajasema. Ivorine naye, alivyonieleza, alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla katikati ya maongezi na kumwangalia kaka yake, kama anayempa nafasi. Hezron alikuwa anaijaza nafasi hiyo kwa habari za mvua.

Mwaka 1977, Julai, Delcita alirudi kutembea. Alikuja na mume wake na watoto wawili wanaoongea puani, na siku ya Jumamosi aliwaleta wote Boston wale nyama ya mjomba wao. Ivorine alikuja nao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale kwetu. Nilimpa kiti. Alikuwa mama mfupi, mwenye kofia ya kanisani na mikono mikubwa, na alinishukuru mara mbili kwa shelisheli moja.

Walikula. Watoto walilia kwa pilipili, tukawacheka, nikawapa maji ya nazi. Delcita alifuta mikono akasema, "Mjomba, hawa wanaulizaga babu yao alikufaje. Mimi nikiwaeleza naharibu. Waeleze wewe."

Hezron aliweka panga chini, akaeleza. Walikuwa wanashuka, jana yake jioni, nguruwe akatoka kichakani. Aliyasema vizuri, kwa utulivu, na nilimsikiliza nikidhani ni kweli. Ivorine alikuwa ameinamia sahani. Alikuwa anafuta vidole vyake, kimoja kimoja, na alipomaliza vyote kumi alianza upya.

Kesho yake Hezron alimwomba Pottinger ruhusa. Haikuwa Jumapili yake. Alipanda Millbank, akamkuta Ivorine peke yake uani, amekaa kwenye kigoda anamenya mbaazi. Delcita na familia walikuwa kanisani.

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama. "Ivo, Uriel hakuumizwa Jumatano. Aliumizwa Jumatatu."

"Najua," alisema Ivorine.

Aliendelea kumenya. Akamwambia kwamba ni yeye na marehemu Bi Keturah waliomwosha Uriel. Kidonda cha jana hakinuki vile, na shati lililokifunga lilikuwa na madoa ya majani yaliyobadilishwa mara nne. Alijua tangu jioni ile ile. "Nimekusubiri, kaka," alisema. "Ulipohamia pwani, mwaka wa kwanza nilikusubiri kila Jumapili ile. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kukuambia. Sasa nimeyasahau."

Hezron akamwambia yote ya Jumatano, kwamba Uriel aliomba kushuka, kwamba yeye alibonyeza nyama akasema kesho. Ivorine alisikiliza. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na mbaazi. Akasema Uriel alikuwa mbishi. Akasema ni Uriel aliyeapa, na kwamba angekuwa Hezron aliyelala chini, Uriel naye labda angesubiri nyama. "Mlikuwa wapumbavu wawili," alisema. "Unadhani kwa nini niliila nyama ile? Mume wangu aliifia. Ningeitupaje?"

Kisha akamsogezea kigoda cha pili kwa mguu, akamwambia akae amsaidie kumenya.

Kama angekaa, mambo yangekwisha pale. Hezron aliniambia hivyo mwenyewe, na nafikiri alikuwa sahihi. Dada yake alikuwa amemfungulia mlango. Lakini alikuwa amebeba mambo mawili, si moja, na alihisi kwamba akikaa kwenye kigoda kile na la pili limebaki, itakuwa ni kumwibia. Kwa hiyo hakukaa. Alimwambia juu ya Alhamisi. Alimwambia jinsi alivyomtua Uriel na kuurudia mzigo.

Mikono ya Ivorine ilisimama.

"Ulimwacha ukafuata nyama," alisema.

"Nilirudi."

"Mara ngapi?"

Hezron alijibu mara sita.

Hezron anasema Ivorine alikuwa kama anahesabu njia, maana aliijua ile njia tangu utoto, kila jiwe lake. Akauliza mto ulifurika saa ngapi. Hezron akamwambia. Akauliza kama Uriel alikuwa na akili zake, kama alijua kwamba anaachwa. Hezron angeweza kusema hapana.

"Alijua," alisema. "Alikuwa ananiuliza, umerudi."

Ivorine akaweka beseni la mbaazi chini, taratibu, zisimwagike. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hezron alisimama uani mpaka aliposikia watoto wanarudi kutoka kanisani, ndipo akaondoka kwa njia ya nyuma.

Wiki ya tatu Delcita aliporudi Uingereza alimchukua mama yake. Hezron alisikia kwa dereva wa lori la ndizi. Alipanda akakuta nyumba imefungwa na ufunguo uko kwa jirani. Jirani alisema hakuachiwa ujumbe wowote. Ndiyo siku aliposhuka, mvua ikatukuta chini ya bati, wateja wakakimbia, na yeye akasogea hatua zile nne akakaa kwenye kreti karibu na moto wangu akaniambia yote niliyoyaandika hapa. Nilimpa shelisheli, akalishika mpaka likapoa.

Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, aliniomba nimwandikie barua. Nikaandika nne kwa mwaka na nusu, kwa anwani ya Delcita. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema yupo, anafanya kazi, anatumaini baridi haimsumbui. Ya nne ilijibiwa, na aliyejibu ni Delcita. Alisema mama yake ameomba mjomba asiandike tena. Alisema amemuuliza kwa nini, mama hataki kusema, na kwamba yeye mwenyewe anampenda mjomba wake na haelewi. Hezron alinitaka nisome mara mbili. Ivorine hakumwambia mwanawe. Nilimwambia Hezron kwamba hilo ni jambo jema, kwamba amemsitiri. Alisema hakumsitiri yeye, amemsitiri Delcita, asije akaikumbuka harusi yake kuwa ndiyo iliyomuua baba yake.

Baada ya hapo mkono wake ulikwisha. Subira ilimtoka. Alikuwa anainua bati kila baada ya dakika chache, anabonyeza, anafunika, anainua tena, na akawa anaitoa nyama kabla ya wakati. Wateja walirudisha sahani. Pottinger alivumilia, maana alimpenda. Alimweka kwenye kuku, kisha kwenye kukata kuni, kisha akamwambia kwa heshima apumzike kidogo nyumbani. Wote wawili walijua maana yake. Hezron alikunja fulana zake, akampa Pottinger mkono, na mimi akaniaga kwa kunigusa bega tu, kwa sababu nilikuwa na wateja.

Januari 1981 ilikuja barua kwangu, siyo kwake. Delcita aliandika kwamba mama yake amefariki kwa kifua na wamemzika hukohuko, ardhi ngumu kama saruji. Aliniomba nimwambie mjomba taratibu. Nilikwenda Fairy Hill, kwenye chumba alichopanga nyuma ya nyumba ya mchungaji mmoja, nikamkuta anatengeneza ufagio. Nikamwambia. Aliuliza kama Ivorine aliacha neno. Niliangalia barua kana kwamba ningeweza kulipata humo nililolikosa mwanzo. Nikamwambia hapana.

"Haya," alisema, akaendelea na ufagio.

Bado yupo. Kifua chake kimeharibiwa na moshi, halali vizuri, na mchungaji ana wasiwasi naye. Nampelekea chakula Jumapili baada ya ibada. Zamani nilikuwa namweleza habari za Boston, nani amefungua bati jipya, nani anaweka ketchapu kwenye nguruwe, nikidhani atacheka. Siku hizi naketi tu. Wakati mwingine ananiuliza kama kuna barua kutoka Uingereza. Namkumbusha kwamba Ivorine amekufa. Anasema anajua, hakuuliza hilo, ameuliza kama kuna barua. Namwambia hakuna, naye anachukua sahani yangu, anaiosha, anaipangusa, ananirudishia.